Utando Mwekundu: Historia Fupi ya Bahari Ndani ya Kioo

Mwaka 1846, katika nyumba moja jijini London karibu na kanisa kuu la Westminster, msichana wa kazi alipewa jukumu ambalo pengine hakuna mwenzake aliyewahi kupewa. Alisimama mbele ya dirisha lililofunguliwa, akamimina maji ya bahari kutoka chombo kimoja hadi kingine, akayarudisha, akamimina tena, kwa nusu saa au dakika 45. Mwajiri wake, Anna Thynne, alikuwa ameleta matumbawe kutoka pwani ya Torquay na alitaka yaishi mjini, mbali na mawimbi. Alikisia kwamba maji yakipigwa na hewa yatakaa mazima. Alikisia vizuri: matumbawe yaliishi, na yakazaana. Thynne aliandika baadaye kwamba ilikuwa kazi ya kuchosha, ila msichana aliiona kama mchezo. Maneno ya msichana mwenyewe hatuna, wala jina lake.

Namtaja kwa sababu kazi yangu ni ile ile yake, tofauti ni kwamba siku hizi kuna stima. Natunza matangi ya samaki wa maji chumvi hapa Nairobi: mapokezi ya ofisi, hoteli, na nyumba za watu waliojenga ukuta mzima wa kioo kabla ya kuuliza bahari inakula nini. Na kuna swali moja ambalo nimeulizwa na wakurugenzi, na watoto wao, na askari wa getini, na akina mama wanaopanguza meza. Hii kitu nyekundu ni nini, na itaisha lini? Swali la pili lina jibu fupi. La kwanza linahitaji historia, na nimeona kwamba mtu akishaisikia, ile haraka ya kutaka dawa hupungua.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Huanza kama doa la rangi ya damu ya mzee juu ya mchanga, mara nyingi kwenye kona ambako maji hayatembei vizuri. Siku ya tatu doa limekuwa zulia. Ukiligusa linachanika na kuinuka kama ule utando wa juu ya chai ya maziwa iliyoachwa ipoe. Mchana, taa zikiwa zimewaka, linajaa vipovu vidogo kama soda. Usiku linapungua, na asubuhi mwenye tangi anakutumia meseji: imeisha! Saa nane mchana anakutumia picha, bila maneno. Ukilifyonza kwa mpira mchanga unabaki mweupe, unajisikia fundi kweli kweli. Kesho kutwa limerudi.

Watu wengi huuita mwani mwekundu. Jina hilo lina wenyewe. Mwani mwekundu wa kweli upo, na ndio huo wanaoulima akina mama wa Kibuyuni kule Kwale na wenzao wa Zanzibar, wanaoufunga kwenye kamba na kuusubiri ukue. Utando wa kwenye tangi ni kiumbe kingine kabisa. Hata wanasayansi walichelewa kulikubali hilo. Kwa miaka mingi waliviita viumbe vya aina hii mwani wa buluu-kijani, kwa kuwa vinaishi majini na vinajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Katika miaka ya 1960 na 1970, Roger Stanier, mwanabiolojia kutoka Kanada, alisisitiza kwamba ukichungulia ndani ya seli zao hukuti kiini. Hao ni bakteria. Ndipo jina sayanobakteria likashika. Wekundu wanaouvaa kwenye matangi yetu ni rangi ya ziada iliyoufunika ukijani, na kazi yake ni kunasa ule mwanga wa buluu na kijani unaopenya chini baharini.

Sasa rudi kwenye vile vipovu. Ni oksijeni, na ndiyo inayotupeleka mbali zaidi ya London.

Dunia changa haikuwa na hewa ambayo wewe na mimi tungeweza kuivuta. Bahari zilijaa chuma kilichoyeyuka, na anga halikuwa na oksijeni ya maana. Kisha mababu wa huu utando wakajifunza kuvunja maji kwa nguvu ya jua, wakajichukulia walichohitaji na kutupa masalio. Masalio yenyewe yalikuwa oksijeni. Kwa muda mrefu sana chuma cha baharini kiliimeza, kikawa kutu, kikazama chini tabaka juu ya tabaka. Sehemu kubwa ya madini ya chuma yanayochimbwa leo duniani yanatoka kwenye tabaka za namna hiyo. Hata nondo za ghorofa linaloinuka mbele ya dirisha lako zina mkono wao. Yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ikaanza kujikusanya angani, na kwa viumbe vingi vya wakati huo ilikuwa sumu.

Haikuishia hapo. Kuna wakati sayanobakteria mmoja aliingia ndani ya seli kubwa kuliko yeye, na badala ya kuyeyushwa akawekwa kazini. Mrusi Konstantin Mereschkowsky alilitoa wazo hilo mwaka 1905, likapuuzwa. Mmarekani Lynn Margulis alilifufua mwaka 1967 katika andiko lililokuwa limekataliwa na jarida baada ya jarida. Leo linafundishwa kama jambo la kawaida: ule ukijani wa jani la sukuma wiki ni uzao wa yule mgeni aliyeingia akabaki. Kwa hiyo mteja anaponiambia nimuondolee huu uchafu, mimi huona ajabu kidogo. Tunaongea huku tukivuta hewa iliyoanzishwa na huo uchafu.

Na haukuwahi kuondoka. Mwaka 1823, Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg alikuwa pwani ya Sinai, kwenye ghuba ya Tor, akaona maji yamegeuka mekundu. Alichukua sampuli, na kiumbe alichokiona ndani yake baadaye akakipa jina Trichodesmium erythraeum. Neno hilo la pili linatokana na Kigiriki cha wekundu, na wapo wanaosema kwamba hata bahari yenyewe ilipata jina lake la Kizungu kutokana na kiumbe huyo. Wazee wetu wa pwani waliiita Bahari ya Shamu, kwa maana iliwapeleka upande wa Shamu, na rangi hawakuishughulikia. Lakini kiumbe mwenyewe walimjua kwa macho, hata kama hawakumpa jina la Kigiriki, kwa sababu huelea pia kwenye maji ya pwani ya Kenya, zaidi wakati wa kaskazi.

Huku bara tuna ndugu zake. Wale heroe wadogo wa Nakuru na Bogoria ambao picha zao zimeuza nchi hii kwa watalii hula zaidi sayanobakteria wa maji ya magadi, na rangi ya waridi ya manyoya yao hutoka kwenye chakula hicho. Ndugu wengine ni wa kuogopwa. Heroe walipokufa kwa maelfu kwenye maziwa hayo, watafiti walikuta sumu za sayanobakteria ndani ya mizoga, na wakazitaja kama sababu mojawapo. Ukoo ni mmoja. Umetupa hewa, umewavika heroe rangi, na umewaua pia.

Kwa hiyo mtu wa kwanza alipoijaza bahari ndani ya kioo, utando ulikuwa tayari umeingia naye. Ulichokuwa unangoja ni nafasi.

Nafasi ilikuja kwa fujo katika karne ya 19. Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa fundi wa kushona nguo kabla ya kuhamia Sicily, alitengeneza matangi ya kioo mwaka 1832 ili amchunguze mnyama wa jamii ya pweza anayejengea gamba jembamba kama karatasi. Uingereza ikafuta kodi ya vioo mwaka 1845, na kioo kikaanza kuwa kitu cha mtu wa kawaida. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington wa London alitangaza matokeo ya jaribio lake dogo: samaki wawili, mmea, na maji ambayo hayabadilishwi. Mwanzoni majani yalioza, yakafanyiza ute, maji yakachafuka. Akaongeza konokono. Konokono wakala uozo, na chombo kikatulia. Kwa maoni yangu, pale Warington alipotia konokono ndipo kazi yetu ilipozaliwa. Alikuwa na ute mbele yake, akauliza nani anaula, badala ya kuuliza ni kemikali gani itauua.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, watu wakamiminika. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu akwariamu, na Uingereza nzima ikapandwa na wazimu. Familia zilipanda treni kwenda pwani na ndoo, zikageuza mawe, zikabandua kila kilichoshika mwamba. Vingi vilikufa njiani, na vingine vikafia sebuleni, kwenye maji yaliyogeuka kijani au yaliyojaa ute. Nusu karne baadaye, mwaka 1907, mtoto wake Edmund Gosse aliandika kwa majonzi kwamba vile vidimbwi vya miambani alivyoviona utotoni vilikuwa vimeporwa na wakusanyaji, wengi wao wakiwa wamehamasishwa na vitabu vya baba yake. Shika hapo, maana tutarudi.

Mtu aliyeelewa shida ya matangi yale kuliko wengi alikuwa mfanyabiashara, William Alford Lloyd. Alianza kwa kuuza wanyama wa baharini London, akaitwa Hamburg kusimamia akwariamu ya huko katika miaka ya 1860, kisha akaunda ile ya Crystal Palace iliyofunguliwa mwaka 1871. Wageni waliona vioo na samaki. Chini ya sakafu Lloyd alikuwa ameficha hodhi lenye maji mengi mara kadhaa kuliko yale ya maonyesho, limefungwa gizani, na pampu za mvuke zilizungusha maji kati ya juu na chini bila kupumzika. Alikuwa amegundua kwamba maji mengi husamehe, maji yanayotembea hayaozi haraka, na giza huvunja nguvu za vile vinavyoishi kwa mwanga. Karibu kila ushauri ninaompa mtu leo kuhusu utando mwekundu ulikuwa chini ya sakafu ile.

Karne ya 20 ilileta vifaa. Miaka ya 1960 chumvi ya bahari ya kutengenezwa ilianza kuuzwa kwenye pakiti, ukaweza kuwa na bahari ukiwa Eldoret kama ungetaka. Wajerumani walieneza skima, kile kifaa kinachopiga povu ndani ya bomba, na uchafu ukapanda na povu na kutoka kabla haujaoza. Lakini fundi ninayempenda alikuwa Jakarta. Mwaka 1961, Lee Chin Eng alichapisha makala katika jarida la wafuga samaki la Marekani akieleza namna anavyotunza matangi yake: mawe kutoka baharini yakiwa bado na uhai wake, mwanga wa jua, na vipovu vichache vya hewa. Wataalamu wa nchi baridi, waliozoea kuchemsha na kusafisha kila kitu, walimtilia shaka. Miongo miwili mitatu baadaye, njia iliyotangazwa kutoka Berlin ilikuwa imechukua yale mawe hai ikayaongezea skima na taa kali, na ndiyo tunayoitumia wengi mpaka leo.

Mawe yale ni mji. Ndani yake kuna bakteria wanaobadilisha mkojo wa samaki kuwa kitu kisicho na madhara, minyoo, konokono, vijidudu vya kila aina, na sayanobakteria. Mradi kila mmoja ana kazi na nafasi, huoni utando. Utaanza kuuona mji ukiyumba. Tangi likiwa jipya, mji bado haujajaa, na nafasi ni za bure. Chakula kikizidi, fosfeti inajilimbikiza. Pampu ikichoka, kona zinalala. Taa zikizeeka au zikiwashwa saa 14 kwa siku kwa sababu bosi anapenda kuliona tangi hadi usiku, karamu inaandaliwa.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao huwashinda hata watu makini. Mtu akisoma kwamba utando hulishwa na uchafu, atapigana na naitreti hadi ifike sufuri. Kumbe baadhi ya hawa sayanobakteria wanaweza kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, kama mizizi ya maharagwe inavyofanya kwa msaada wa bakteria wake. Ukiondoa naitreti yote na kuacha fosfeti, umewafukuza majirani wote kwa njaa na kumwachia yeye shamba. Nimeona matangi yenye vipimo vizuri kwenye karatasi yakiwa mekundu kutoka ukuta hadi ukuta.

Hapo ndipo dawa huingia.

Mwaka 1949, daktari Mfilipino Abelardo Aguilar alituma sampuli za udongo wa Iloilo kwa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, aliyokuwa akiifanyia kazi. Kutoka kwenye udongo huo ilipatikana erithromaisini, ikaanza kuuzwa mwaka 1952, na imeponya vifua vya watoto dunia nzima. Aguilar alidai mrabaha kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 1993 bila kuupata. Wafuga samaki nao waliona kwamba kama utando ni bakteria, basi antibiotiki itaumaliza. Na kweli inaumaliza. Unatia jioni, na siku ya tatu mchanga ni mweupe.

Mteja wangu mmoja, mzee wa heshima, aliniita Alhamisi akiwa na ruracio ya binti yake Jumamosi. Tangi la sebuleni lilikuwa jekundu kama zulia la ikulu.

"Kijana, si iko dawa?"

"Iko, mzee."

"Basi weka. Wageni wanakuja."

Nikamwambia kwamba ule utando wote ukifa kwa pamoja utaoza kwa pamoja, na kuoza kunakula oksijeni. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji ya huku hubeba oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Jumamosi asubuhi anaweza kuamka na mchanga mweupe na samaki wanaohema juu juu. Nikamwambia pia kwamba dawa inaweza kuwagusa wale bakteria wema wa kwenye mawe, na kwamba maji tutakayoyatoa yataingia kwenye mfereji wa mtaa yakiwa na antibiotiki ndani, ambayo bakteria wa huko watajifunza kuizoea, na siku mjukuu wake akiugua kifua tutaihitaji dawa hiyo hiyo. Chanzo kikibaki vile kilivyo, utando utarudi, na utakaorudi unaweza kuwa ule uliojifunza kuihimili dawa. Mzee alinyamaza.

"Sasa tunafanyaje?"

Tukafanya alivyofanya Lloyd. Nilifyonza utando wote niliouweza, nikabadilisha sehemu ya maji, nikaongeza hewa, nikazima taa, na mama wa nyumba akaleta blanketi tukalifunika tangi pande zote. Wageni walipouliza kilichofunikwa mle, mzee akasema bahari imelala. Siku tatu gizani hazimalizi utando, ila humpa mtu pumzi ya kurekebisha kilichoualika. Kwa mzee yule kilikuwa chakula: watu watatu nyumbani, kila mmoja alikuwa akiwalisha samaki kwa huruma yake bila kumwambia mwenzake.

Kwa hiyo nikiitwa leo kwa ajili ya utando mwekundu, ninaanza na maswali, kama daktari wa zamani. Tangi lina umri gani? Nani analisha, mara ngapi, na chakula kilichogandishwa kinaoshwa kwanza au kinamwagwa na maji yake? Maji ya kujazia yanayokauka yanatoka wapi? Maji ya mfereji na ya kisima yanaweza kuja na fosfeti na madini mengine ambayo hayavukizwi. Maji yanaondoka kama mvuke, yenyewe yanabaki, wiki baada ya wiki, hadi yawe deni. Ndiyo maana nasisitiza mashine ya kuchuja. Stima ikipotea, pampu hukaa bila kazi saa ngapi? Skima ilisafishwa lini? Kisha nafyonza, nabadilisha maji kidogo kidogo, nageuza pampu zielekee zile kona, napunguza saa za taa, na naongeza konokono, sio kwa sababu wataula utando, wengi hawaugusi, bali kwa sababu watakula mabaki yanayoulisha. Halafu nasubiri. Kusubiri ndiko kugumu kuuza. Dawa ni siku tatu, mimi nazungumzia wiki sita, pengine zaidi. Na kuna siku, tangi la mtu likiwa na matumbawe yanayofunikwa na kuzimwa, dawa itatumika. Sina dini ya kuikataa. Nasema tu iwe ya mwisho, na iingie baada ya utando mwingi kutolewa kwa mkono, hewa ikiwa imeongezwa.

Niliwahi kumsimulia haya yote mpiga mbizi mmoja wa Shimoni, mzee ninayemwita ami, ambaye amekamata samaki wa mapambo tangu ujana wake. Alinisikiliza hadi mwisho kuhusu kona na pampu, akacheka.

"Mwanangu, bahari haina kona."

Maneno yake yamenisaidia kuliko vitabu vingi. Pia yalinikumbusha kule tulikoacha, kwenye vile vidimbwi vya Edmund Gosse. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa mapambo kwa miongo kadhaa. Wapiga mbizi wa Kwale, Mombasa na Kilifi huwakamata kwa nyavu, mmoja mmoja: kangaja, kitatange, na wale wadogo wa milia wanaosafisha wenzao. Huwekwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wakapanda ndege kwenda Marekani, Ulaya na kwingine, na wachache hubaki hapa Nairobi, kwangu. Mpiga mbizi hulipwa sehemu ndogo ya bei ambayo mnunuzi wa mwisho huiona dukani. Anayekula utando huko kwenye tangi haonekani kwenye hesabu yoyote, ila tangi likianguka, oda mpya hutumwa, na ami anashuka tena majini.

Ndiyo maana siwezi kuuona utando huu kama jambo la urembo wa sebule. Kila tangi linalokufa huwa ni agizo jipya kwa mwamba. Na mwamba wenyewe uko na mambo yake. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto la ajabu, matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa, na mawe yaliyobaki uchi yalivamiwa na mwani. Panapobaki samaki wa kutosha wanaokula mwani, mwamba hupata nafasi ya kujirudisha. Panapovuliwa kupita kiasi, mwani hutawala. Ni hesabu ile ile ya Warington na konokono wake, ila hapo hakuna mtu wa kuagiza konokono wapya kwa simu.

Kila tangi ninalolishika sasa nalifungulia daftari. Naandika tarehe, vipimo, nani alilisha, lini stima ilipotea, na jina la mahali samaki alikotoka kama muuzaji analijua. Wateja hunicheka mwanzoni. Kwa yule mzee wa ruracio daftari liko juu ya friji, na kuna kijiko kimoja tu cha kulishia, amekifunga kwa kamba. Kangaja wake ametoka Shimoni, na huu ni mwaka wake wa tano kwenye kioo. Nyuma ya mawe, upande wa kushoto, kipo kipande cha utando mwekundu kama kiganja cha mtoto. Kimekuwa hapo muda mrefu, hakikui, hakipungui. Mzee ameshakizoea.

Itaisha lini? Haiishi. Imekuwepo miaka zaidi ya bilioni mbili na itakuwepo sisi tukishaondoka. Kinachowezekana ni kuibakiza ndogo, ya ukubwa wa kiganja, nyuma ya mawe, na kwa kazi hiyo nalipwa kila mwisho wa mwezi.